Bei ya Bunduki Usambara

Ufalme wa Usambara ulianzishwa na mwindaji, na ukavunjwa na bunduki za kununua. Kati ya hayo mawili kuna zaidi ya miaka mia moja, na ndani yake lipo swali ambalo sisi wa milimani tunakutana nalo hadi leo kila silaha inapobadilisha mikono: anayenunua ni nani, na gharama yake nyingine italipwa na nani?

Mwindaji huyo ni Mbegha. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, mtu aliyeishi Usambara wakati ufalme unapasuka, na wamisionari wa Magila wakazichapa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. Kitabu ni Habari za Wakilindi. Inasimuliwa kwamba Mbegha alizaliwa Nguu, meno yake ya juu yakatangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi. Ndugu zake walimnyima urithi. Akaenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa chifu, na mtoto yule akafa mawindoni. Mbegha akakimbia tena, akapanda Usambara na mbwa wake na mikuki yake.

Milimani alikuta wakulima wanaoteswa na nguruwe pori. Mwenye shamba la mpakani mwa msitu haitaji kuelezwa maana yake: unalala na mihogo, unaamka na mashimo. Mbegha aliua nguruwe, akagawa nyama. Wenyeji wakampa vyakula vya shamba, wakampa mke, wakamwita aamue ugomvi wao. Njiani kuelekea Vuga akaua simba, na wafalme waliotoka kwake wakasalimiwa kwa jina la simba hata karne ya 20.

Hadithi hiyo ni ya watawala, na watawala husimulia mwanzo wao kwa namna inayowapendeza. Lakini ninapoifundisha darasani huwaomba wanafunzi waangalie jambo moja: silaha ya Mbegha iliingia nchini pamoja na mwenyewe. Watu walimwona anavyoitumia kabla ya kumpa madaraka. Walijua inaua nini, na nyama inakwenda kwa nani.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala. Kuzifya shi ni kuitengeneza nchi: mvua inyeshe kwa wakati wake, chakula kipatikane, watoto wazaliwe na wakue. Kubana shi ni kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu aliaminika kuitengeneza nchi, kwa sababu hakuwa na wa kushindana naye. Wakiwa wawili wenye nguvu zinazolingana, hali hiyo iliitwa nguvu kwa nguvu, na hapo mvua hukatika na njaa huingia. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa huku miaka ya 1960, aliijenga historia yote ya ufalme juu ya maneno hayo. Nami sijaona mizani bora ya kupimia biashara ya silaha.

Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1862, alikuwa mfalme wa mvua na kodi. Aliishi Vuga, juu mlimani. Wanawe aliwaweka wilayani, na amri yake ilisikika mpaka pwani, kati ya Tanga na Pangani, ambako aligawana heshima na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton alifika Vuga mwaka 1857, akamkuta mzee mgonjwa anayetafuta dawa ya kumrudishia nguvu. Burton aliandika kwamba mfalme alikuwa na askari 400 wa bunduki, na kwamba mwenyewe aliwaita Waingereza.

Jina hilo linachekesha, lakini linasema kitu. Bunduki kwa Kimweri ilikuwa pambo la utawala, kitu cha kigeni cha kulinda mlango wa mtu ambaye nguvu yake ilitoka kwingine. Alipokea kodi ya ng'ombe na mazao bila kulazimika kuelekeza mtutu kwa kila nyumba.

Aliyeelewa kwamba mambo yanageuka ni mwanawe, Semboja. Yeye hakukaa mlimani. Aliweka makao Mazinde, chini tambarare, pale ambapo leo basi la Moshi kwenda Tanga linapita na mlima ukiwa ubavuni. Misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ya Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita njia hiyo, ikahitaji maji, chakula na usalama. Semboja alivaa nguo za pwani, alisema Kiswahili, aliwajua wafanyabiashara kwa majina. Vuga ilikuwa na heshima, lakini njia ya biashara ilikuwa mikononi mwa Mazinde.

Na njia hiyo ilileta bunduki za mtumba. Jambo hili mara nyingi husahaulika. Majeshi ya Ulaya katika miaka ya 1860 na 1870 yalikuwa yakibadilisha silaha haraka. Bunduki ya kushindilia kwa mdomoni iliachwa, ikaja ya kupakia kwa nyuma; Wajerumani walipata Mauser ya 1871, Wafaransa wakapata Gras ya 1874. Kila jeshi lilipobadilisha, maghala yalibaki na bunduki ambazo askari wa Ulaya hawezi tena kwenda nazo vitani. Zikauzwa kwa bei ya kutupa, zikapakiwa melini, zikafika Zanzibar, zikavuka kwenda bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zinazopitia kisiwani kila mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000.

Gobore si silaha ya haraka. Unamimina baruti, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi au marisau, unashindilia tena, unaweka fataki, ndipo unalenga. Ikinyeshewa, imekuwa rungu. Lakini kijiji chenye mikuki kikivamiwa alfajiri na watu arobaini wenye magobore, mlio peke yake unatosha kuwatoa watu mbio. Na watu wanaokimbia gizani hukamatwa.

Hapo ndipo bei ya kweli ilipolipwa. Pembe za ndovu zilikuwa zikizidi kusogea mbali na pwani, na mtemi aliyetaka bunduki alihitaji kitu kingine cha kutoa. Alitoa watu. Mashamba ya miwa ya Pangani yalitaka mikono, na hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari, soko la nchi kavu liliendelea. Bunduki zilikamata watu, watu wakauzwa, fedha na vitu vikanunua bunduki zaidi. Aliyebaki na mkuki wake akawa ndiye mzigo wa msafara unaofuata.

Kimweri alipokufa, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja akakusanya washirika, akampiga, akamfukuza. Shekulwavu alifia uhamishoni, na Semboja akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, awe mfalme wa Vuga, huku yeye akibaki Mazinde penye soko. Wabondei wakaasi Wakilindi katika uasi ulioitwa Kiva. Usambara ya mashariki ikaendelea kupigana na ya magharibi kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu. Kila upande uliweza kununua silaha, hakuna uliotosha kushinda, na kati yao wakulima walihama, wakajificha, wakauzwa.

Nasema haya kwa sababu mwaka juzi niliombwa kusaidia kuuza bunduki.

Jirani yetu hapa Mlola alifariki, akaacha mke, watoto na bunduki ya kuwindia. Haikuwa gobore. Ilikuwa kazi ya fundi: chombo cha Mauser, mtutu mwembamba wa mifuo, kitako cha mti wa jozi kilichochongwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Bunduki ya namna hiyo hutengenezwa kama koti kwa fundi cherehani. Hupimwa mkono, shingo na bega, ili mwenye nayo akiiinua tu, jicho liwe limeshakaa kwenye mstari. Uzito hupunguzwa kila panapowezekana, maana mwindaji wa milimani anaibeba siku nzima na kuipiga mara moja, pengine asiipige kabisa. Ilitengenezewa mlowezi aliyekuwa na shamba upande wa Lushoto. Alipoondoka miaka ya 1960 akaiuza kwa baba wa marehemu, na marehemu naye akaipata baada ya baba yake. Kitako kilikuwa kifupi. Yule mlowezi nadhani alikuwa mtu mdogo wa mwili, na wenyeji wawili warefu walijifunza kukunja shingo kwa ajili yake.

Eda ilipokwisha, shekhe alikaa na familia kugawa mirathi. Mke mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na watoto hugawana kinachobaki. Shamba linapimika na ng'ombe anatathminiwa, lakini bunduki huwezi kuikata. Ikabidi iuzwe, igawanywe fedha.

Mama yule alikuja kwangu na bahasha ya karatasi za marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Wewe unajua mambo ya zamani. Hii ni ya zamani. Niambie bei yake."

Nilimwambia bei siijui. Akasema yupo mtu amepanda kutoka chini, ametaja fedha nyingi, anataka kuichukua usiku uleule, na hataki karatasi. Fedha zile zingelipa ada za watoto wawili na kubaki na kitu.

"Anaitaka ya nini?" nikamuuliza.

"Hakusema. Nami sikumuuliza. Mwenye shida haulizi sana, mwalimu."

Sikuwa na jibu jepesi la kumpa. Ni rahisi kwangu mwenye mshahara kuhubiri mbele ya mwenye ada za kulipa. Basi nikamsimulia habari za mtu mwingine aliyekuwa na bunduki ya aina ileile, na habari za Mazinde, nikamwachia aamue.

Mtu huyo mwingine ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka wenzake wakamwita Karamojo Bell. Wawindaji wa tembo wa zama zake walibeba bunduki nzito zenye risasi nene. Bell alipenda nyepesi, hasa ya Rigby iliyotumia risasi ya Mauser ya milimita 7. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akategemea shabaha badala ya unene wa risasi. Aliua tembo zaidi ya 1,000. Alifariki mwaka 1954. Moja ya bunduki zake za Rigby iliuzwa London ikiwa imetumika, na mwandishi Mmarekani Robert Ruark akainunua, akampa zawadi mtoto wa rafiki yake Harry Selby, mwindaji wa Kenya.

Bunduki ile ilipanda thamani kwa sababu ya watu waliowahi kuishika. Kila mmiliki anajulikana, kila mkwaruzo wa kitako una hadithi yake. Magobore ya Mazinde nayo yalikuwa na wamiliki kabla: askari wa Ulaya aliyeirudisha ghalani, tajiri wa Zanzibar, mchukuzi, mtu wa Semboja. Hakuna aliyeandika majina hayo. Na waliokamatwa kwa magobore hayo hawamo katika daftari lolote la bei. Ukitaka kuwapata Wasambaa waliouzwa Pangani, utawakuta kama hesabu tu, kama wapo.

Jaribio la kwanza kubwa la kuandika majina lilifanywa mbali na hapa. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya pamoja na Zanzibar, Uturuki, Uajemi na mengine yalitia saini mapatano ya Brussels ya kukomesha biashara ya watumwa. Waliotunga waliona wazi kwamba bunduki na utumwa ni biashara moja. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, wakazuia silaha kuingia, hasa zile za mifuo na za kisasa. Silaha zilizoruhusiwa zilitakiwa kukaa katika ghala la serikali, na watu binafsi wangepewa tu kwa dhamana kwamba hawatazitoa wala kuziuza kwa mtu mwingine. Gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango.

Mapatano yale yalikuwa na nyuso mbili, na mwalimu asiyezionyesha zote anadanganya. Yalisaidia kuziba mfereji uliokuwa ukimwaga silaha Mazinde. Pia yalimpa mkoloni silaha nzuri, yakamwachia Mwafrika mbovu. Mifuo ndani ya mtutu, ile mistari inayozungusha risasi ili iende sawa, ikawa mpaka wa rangi. Miaka mitano baadaye Wajerumani walimnyonga Mputa, mfalme wa Vuga, na hapakuwa na silaha ya kuwazuia. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji iliyotaka kibali, na mwindaji wa kijijini aliyeishi kwa nyavu na mitego akajikuta mhalifu katika msitu wa babu yake. Mbegha angefika wakati huo, angefungwa.

Kwa hiyo ninapomwambia mtu apeleke bunduki kituo cha polisi, najua ninamwelekeza kwenye daftari lenye historia yake. Wazee wengi huku hawalipendi daftari hilo, na wana sababu. Lilianza kama chombo cha kuwanyang'anya.

Lakini daftari limebadilisha mwenye nalo. Leo silaha inatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, iliyotungwa na Bunge letu. Leseni ni ya mtu, haishuki kwa mrithi kama shamba la viazi. Mmiliki akifa, silaha hupelekwa polisi, na anayeitaka, awe mtoto au mnunuzi, huomba kwa jina lake na kueleza anaitaka ya nini. Muuzaji hawezi kumkabidhi mtu wa usiku. Ni kazi ndefu: barua, serikali ya kijiji, safari ya Lushoto, na kurudi tena Lushoto kwa sababu muhuri mmoja haukuonekana vizuri. Nauli ya kupita Magamba unailipa kila mara, na msimu wa mvua gari likikwama unalisukuma mwenyewe.

Mama yule alichagua njia hiyo. Hakunieleza kwa nini, ila alipoondoka aliniuliza kama Semboja aliwajua waliouzwa kwa ajili ya bunduki zake. Nikamjibu kwamba wengine lazima aliwajua, maana walikuwa watu wa nchi yake.

Bunduki ilikaa polisi miezi mingi. Mwishowe ikachukuliwa na mkulima mwenye leseni, kwa bei iliyokaribia nusu ya ile ya mtu wa usiku. Thumni ya mama ilikuwa ndogo. Ada ya mtoto mmoja ililipwa kwa bunduki, ya wa pili kwa kabichi, kwa awamu, na mwaka ule nyumba ile haikula nyama mara nyingi. Sitaki kuipamba hasara hiyo. Aliyefanya jambo sawa alilipa kwa mfuko wake, na yule wa usiku huenda alipata bunduki kwingine.

Kilichobaki ni mstari mmoja katika daftari: namba ya silaha, jina la aliyekuwa nayo, jina la aliyeichukua, kazi inayokusudiwa. Mnunuzi ana shamba linalopakana na msitu, na katika nafasi ya kazi aliandika kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Watu wa kijiji chake wanamfahamu, na nguruwe anaowalalamikia wanawafahamu pia.